Acheni Kuwatisha Watu kwa Nyayo Zao

Anayetaka kuanza kukimbia mjini Bukoba siku hizi hupewa kazi kabla hajapiga hatua ya kwanza: apime unyayo. Aulize kwenye kikundi cha joging, aulize kwa muuza raba, afungue video kwenye simu, jibu ni lilelile. Lowesha mguu kwenye beseni, kanyaga sakafu ya saruji, kisha soma alama. Ikijaa yote, una unyayo bapa. Tafuta kiatu kigumu cha kuzuia mguu usilalie ndani. Ikionyesha kisigino na vidole, na katikati utepe mwembamba tu, una tao la juu. Tafuta kiatu chenye sponji nene. Ikiwa kati kwa kati, chukua cha kawaida. Onyo nalo halikosekani: ukikosea kuchagua, magoti yako hayatakufikisha mbali.

Ushauri huu hauna msingi. Umepimwa na watu wenye uwezo wa kupima, kwa maelfu ya wakimbiaji, ukashindwa. Kuendelea kuutoa ni kuwachukulia watu fedha zao, na kwa mkoa kama Kagera, ambako pea ya raba ni matumizi ya kupangwa, hilo peke yake lingetosha kutukasirisha. Lakini kuna baya zaidi. Unamfanya mtu mwenye mguu mzima aamini kwamba mguu wake ni mbovu.

Fikirieni unamfikia nani. Binti wa sekondari huko Nshamba au Kamachumu amechaguliwa kukimbia mita 1,500 kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Amekua akipanda na kushuka vilima kwenda kuchota maji na kwenda shule, na miguu yake haijawahi kumsumbua. Mtu mmoja anatazama alama ya unyayo wake kwenye udongo wenye unyevu na kumwambia, "Dada, wewe mguu wako flati, utaumia." Tangu hapo kila uchovu wa shavu la mguu anausoma kama dalili. Mzazi anaambiwa zinahitajika raba maalumu za laki kadhaa, mzazi hana, binti anaacha. Hakuna aliyemkataza kukimbia, lakini amekatazwa vilevile. Wavulana nao wana toleo lao la hofu hii: husemwa vijiweni kwamba mwenye unyayo bapa hafai jeshi, na kijana wa miaka 17 huanza kuuficha mguu wake kabla hata ya kuulizwa.

Imani hii ya kulinganisha raba na umbo la unyayo ina umri mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Ilizaliwa Marekani miaka ya 1970, watu wa kawaida walipoanza kukimbia kwa wingi mabarabarani na kampuni za viatu zikaona soko jipya. Mwaka 1977 kampuni ya Brooks ilitoa kiatu kilichoitwa Vantage, chenye kabari upande wa ndani wa soli ili kuuinua mguu usilale. Kampuni nyingine zikafuata, majarida ya wakimbiaji yakachapa picha za nyayo tatu na viatu vitatu, na maduka yakapanga rafu tatu. Mpango ulipendeza kwa sababu ulikuwa rahisi kueleza. Ulimpa muuzaji neno la kusema na mnunuzi sababu ya kuamini kwamba amehudumiwa kitaalamu. Kilichokosekana ni jambo moja tu: hakuna aliyewachukua wakimbiaji, akawagawa makundi mawili, akawapa kundi moja viatu vya kufuata umbo la unyayo na jingine viatu vyovyote, kisha akahesabu walioumia. Hilo lilisubiri zaidi ya miaka thelathini.

Nadharia yenyewe ilisema hivi. Mguu ukitua, kisigino hugusa chini kwanza kwa upande wa nje, kisha unyayo hujilaza kuelekea ndani kabla ya kidole gumba kusukuma ardhi. Wenye unyayo bapa hulala zaidi, wenye tao la juu hulala kidogo. Kwa hiyo, wakasema, anayelala sana azuiwe na asiyelala aongezewe ulaini. Kosa limejificha humo humo: kulala huko kumehesabiwa kuwa hitilafu. Kumbe ndiyo kazi ya mguu. Unyayo hujilaza ili kupokea uzito, kama magoti ya mtu yanavyokunjika kidogo anapotwishwa mkungu wa ndizi. Ukimwambia anyooshe magoti yake wakati anatwishwa, hujamsaidia.

Tena beseni la maji hupima mguu uliosimama. Alama iliyobaki kwenye saruji haisemi mguu huo utafanya nini ukikimbia, ukichoka, ukipanda, ukishuka. Watu wawili wenye alama zinazofanana huweza kukimbia kwa namna tofauti kabisa. Sioni jinsi mtu anavyoweza kutabiri kilomita za mbele kwa doa la maji linalokauka juani ndani ya dakika mbili.

Jibu la kwanza la uhakika lilitoka jeshini, na hilo si ajabu, maana jeshi lina watu wengi wanaokimbia pamoja, wanakula pamoja, wanafuata ratiba moja, na wakiumia wanaandikwa. Joseph Knapik na wenzake walifanya majaribio matatu kwa makuruta wa Marekani: wa jeshi la nchi kavu, wa jeshi la anga na wa kikosi cha wanamaji, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009 na 2010. Kila mara makuruta waligawanywa mara mbili. Kundi moja lilipewa viatu kwa kufuata umbo la unyayo, sawasawa na ushauri wa beseni: bapa hiki, tao la juu kile, wa kati kile. Kundi jingine wote walipewa aina moja ya kiatu, bila kujali unyayo ukoje. Wote wakaingia mafunzoni, wakakimbia, wakaruka, wakabeba mizigo. Mwisho wa mafunzo, idadi ya walioumia katika makundi hayo mawili haikuwa na tofauti ya maana. Majaribio yote matatu yalipojumlishwa yalikuwa na watu zaidi ya 7,000, wanaume kwa wanawake. Kupewa kiatu cha "unyayo wako" hakukumkinga mtu.

Rudieni aya hiyo mkipenda, kwa sababu ndiyo kiini cha ugomvi wangu. Hawa si watu kumi waliojazishwa fomu dukani. Hili lilikuwa jeshi lililokuwa na sababu zote za kutaka ushauri ule ufanye kazi, kwa kuwa kuruta anayeumia ni gharama. Lilipima, likaona haufanyi kazi, likasema hadharani. Mwaka 2022 mapitio ya Cochrane, ambayo hukusanya majaribio ya tiba na kinga kutoka duniani kote na kuyachuja, yalifika mahali hapohapo: kuchagua viatu vya kukimbilia kwa umbo la unyayo huenda hakuleti tofauti yoyote katika kuumia.

Kabla ya hapo, mwaka 2009, Craig Richards na wenzake wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Australia, walikuwa wameutafuta utafiti uliokuwa ukiaminiwa kuwa upo, ule wa kuthibitisha kwamba kiatu chenye kisigino kilichoinuliwa na mfumo wa kuzuia mguu hupunguza majeraha ya wakimbiaji wa masafa. Hawakuupata. Mwaka 2011 watafiti wa Canada waliwafuatilia wanawake 81 waliokuwa wakijiandaa kwa nusu marathoni, wakaona kwamba viatu vigumu vya kuzuia mguu ndivyo vilivyoambatana na maumivu zaidi, hata kwa wale ambao kwa mujibu wa beseni vingewafaa. Mwaka 2014 Wadenmaki walichapisha habari za watu 927 waliokuwa wanaanza kukimbia. Wote walipewa aina moja ya kiatu cha kawaida, wenye nyayo zinazolala na wasiolala, wakafuatiliwa mwaka mzima. Wenye nyayo zinazolala hawakuumia zaidi ya wenzao. Kwa kila kilomita 1,000 waliumia pungufu kuliko wenzao.

Yupo atakayenitajia utafiti wa Luxembourg wa mwaka 2016, na ana haki. Laurent Malisoux na wenzake waliwapa wakimbiaji 372 viatu vilivyofanana kwa sura, nusu vikiwa na mfumo wa kuzuia mguu na nusu bila, wakaona kwamba vyenye mfumo huo viliambatana na majeraha machache, hasa kwa wenye nyayo zinazolala sana. Siufichi. Ni utafiti mzuri, na labda kuna watu wachache wenye miguu ya aina hiyo wanaonufaika. Lakini utafiti mmoja wa wakimbiaji 372 haufuti majaribio ya watu zaidi ya 7,000, na hata ungekuwa peke yake usingehalalisha beseni, maana wale watafiti hawakutumia doa la maji. Walipima mkao wa mguu kwa vigezo kadhaa kwa mikono ya watu waliofundishwa.

Sasa nirudi kwenye unyayo bapa wenyewe, kwa sababu hapo ndipo hofu inapowauma watu wetu.

Watoto wote wachanga wana nyayo bapa. Tao hujengeka polepole katika miaka ya kwanza ya utoto, kwa wengine likachelewa mpaka karibu miaka kumi, na kwa wengine halijengeki sana, wakakua hivyo wakaishi hivyo. Mama wa Kashai au Hamugembe anayempeleka mtoto wa miaka mitatu akanunuliwe kiatu cha "kuinua tao" ananunua dawa ya ugonjwa usiokuwepo. Mwaka 1992 madaktari wawili wa India, Rao na Joseph, walichapisha uchunguzi wa alama za nyayo za watoto 2,300. Kati ya waliozoea kuvaa viatu, asilimia 8.6 walikuwa na nyayo bapa. Kati ya waliokuwa wakitembea peku, asilimia 2.8. Kiatu kinachouzwa kama tiba kinaweza kuwa sehemu ya sababu.

Na kwa watu wazima? Mwaka 1947 Wakanada Harris na Beath walitoa ripoti ya miguu ya askari zaidi ya 3,600. Waligundua kwamba unyayo bapa ulio laini, unaokunjika na kurudi, ni mguu mzima wenye nguvu, na kwamba wa kuogopwa ni ule uliokakamaa au ule ambao kano lake la kisigino limefupika. Mwaka 1993 David Cowan na wenzake waliwachunguza makuruta wa askari wa miguu wa Marekani, wakakuta wenye nyayo bapa kuliko wote ndio walioumia kidogo kuliko wengine. Wenye tao la juu ndio walioumia zaidi. Kijana wa kijiweni anayeuficha mguu wake angepaswa kusikia hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Kuujua unyayo wako uko upande gani hakuhitaji maji wala kiatu. Simama kwa ncha za vidole ukishika ukuta. Tao likijitokeza na kisigino kikageuka kidogo kuelekea ndani, unyayo wako ni laini, unafanya kazi yake, endelea na maisha. Kama tao halitokei hata hapo, au mguu unauma, au mguu mmoja umeanza kushuka ukubwani wakati mwingine uko vilevile, au una kisukari na unapoteza hisia nyayoni, hapo nenda hospitali umwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo naye awahishwe mapema kabisa. Hayo ni mambo ya tiba, na muuza raba hahusiki nayo.

Kuna sababu nyingine ya kuukataa ushauri wa rafu tatu, na hii ni ya hapa hapa kwetu. Uliandikiwa watu wanaokimbia kwenye lami tambarare, kilomita baada ya kilomita, mguu ukitua vilevile kila mara. Nionyesheni mkimbiaji wa Bukoba wa namna hiyo. Atoke Miembeni, apite mchanga wa ufukweni upande wa uwanja wa ndege, aingie lami, apande kuelekea Kibeta, akate njia ya changarawe, ashuke kwenye mwamba ulio wazi, apite ukingoni mwa kibanja ambako udongo mwekundu umelowa: ndani ya saa moja mguu wake umetua kwa namna nyingi ambazo hakuna rafu iliyoziwazia. Huku mvua hufika karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Kwenye barabara ya Muhutwe kupanda Kamachumu, kabari ya upande wa ndani ya soli haina la kusema juu ya mteremko wa utelezi. Meno ya soli yana la kusema. Kamba zilizofungwa vizuri zina la kusema. Kiatu kigumu kinachozuia mguu usiiname upande ni hatari halisi kwenye mawe, kwa sababu hapo mguu unatakiwa uiname.

Kisha tazameni soko lenyewe. Wengi wetu hununua raba za mitumba, ziwe za Bukoba mjini au za kwenye magulio ya Muleba. Belo linafunguliwa, watu wanachambua. Namba yako ina pea mbili au tatu, basi. Rafu tatu za kitaalamu ziko wapi hapo? Ndiyo maana ushauri wa beseni ukifika kwetu hubadilika kuwa kitu kingine: muuzaji huutumia kupandisha bei ya pea moja aliyonayo, akimwapia mteja kwamba hiyo ndiyo ya mguu wake. Simlaumu sana, naye ameambiwa hivyo. Nawalaumu wanaojiita wataalamu, wenye nafasi ya kusoma, ambao wanaendelea kuurudia.

Na kwa mtumba kuna jambo la maana kuliko tao lako: mwenye kiatu wa kwanza. Sponji ya soli hujikandamiza kufuata uzito na mwendo wake. Watengenezaji wengi husema kiatu cha kukimbilia hudumu kilomita 500 hadi 800, na huwezi kujua kilichofunguliwa kwenye belo kimekwenda ngapi. Kiweke juu ya meza, kitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, kiache, hata kama kinang'aa. Bonyeza sponji kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu na mikunjo yake haifunguki, imekwisha. Geuza soli uone kisigino kimelika wapi. Kunja: kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapokunjika, hakikunjiki katikati. Vuta ukingo wa soli uone kama gundi inashika. Ukaguzi huu wa dakika moja utakuokoa kuliko mabeseni yote ya wilaya.

Baada ya hapo vaa. Vaa jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za siku, na vaa na soksi utakazokimbilia. Simama, si kukaa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, la sivyo utashuka mlima wa Kibeta na kucha zitakuwa nyeusi. Upana usikubane, watu wengi waliokulia peku wana miguu mipana mbele, na viatu vingi vya kigeni ni vyembamba hapo, kwa hiyo kuchukua namba kubwa zaidi ili upate upana ni afadhali kuliko kubanwa. Kisigino kisicheze. Kisha kimbia nacho kidogo papo hapo sokoni, hata wakucheke. Kikikuuma mahali popote, kirudishe. Usikubali kuambiwa kitazoea.

Starehe ya mguu ndiyo kipimo pekee kilicho karibu zaidi na ushahidi. Mwaka 2001 watafiti waliokuwa na Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary waliwapa askari 206 nafasi ya kuchagua soli ya ndani iliyowakaa vizuri kuliko zote, kati ya sita zilizotofautiana. Walichagua tofauti tofauti, na waliozivaa waliumia kidogo kuliko wenzao wasiopewa. Nigg baadaye alieleza kwamba kila mwili una njia yake ya kusogea, na kwamba mtu huitambua anaposikia raha miguuni. Nalikubali hilo zaidi ya michoro yote ya nyayo niliyowahi kuona, kwa sababu linamrudishia mkimbiaji mamlaka juu ya mguu wake. Binti wa Nshamba anaweza kujua kiatu kipi kinamkaa vizuri. Hahitaji mtu wa kumsomea alama.

Kinachowaumiza wakimbiaji kwa kweli ni nini, basi? Ni haraka. Mtu hajakimbia tangu mchakamchaka wa shule ya msingi, anaona tangazo la mbio za kilomita 21, anabakiwa na wiki nne, anaanza kwa kilomita kumi kila siku. Moyo na mapafu hukubali baada ya wiki chache. Mifupa na kano huhitaji miezi. Muundi unaanza kuuma, kano la kisigino linakaza, anaenda kulaumu raba. Sababu nyingine kubwa ni jeraha la zamani ambalo halikupona, mtu akarudi barabarani kwa sababu wenzake wanaendelea. Mwenye kuongeza masafa polepole, anayepumzika siku baada ya kukimbia mlima mrefu, anayetembea pale mwili unapomwambia atembee, ataumia mara chache akiwa na raba yoyote inayomkaa. Kama unazo pea mbili, zibadilishe: wakimbiaji 264 waliofuatiliwa Luxembourg, katika matokeo ya mwaka 2015, waliokuwa wakibadilisha viatu walikuwa na hatari ya kuumia pungufu kwa asilimia 39. Bukoba kuna faida ya ziada, kwamba moja inakauka wakati nyingine iko barabarani. Usizikaushe juu ya moto. Joto hulegeza gundi na kuikakamaza sponji.

Wapo ambao wakisikia haya hukimbilia upande wa pili na kusema basi tuvue kabisa, babu zetu walitembea peku. Hao nao nawapinga. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mara nyingi hadithi huishia hapo. Mwaka 1964 alishinda tena Tokyo, safari hii akiwa na viatu, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Mguu wake ulikuwa uleule. Huku kwetu peku kuna bei yake: misumari, chupa, minyoo ya safura, na funza. Funza hawakuwa wa kwetu. Walivuka bahari kutoka Brazil hadi Angola mwaka 1872, na kufikia miaka ya 1890 walikuwa wamefika nchi za Ziwa na kulemaza watu wengi. Mtoto wa Muleba anahitaji kiatu mguuni. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kiatu hicho lazima kiwe cha aina fulani ya unyayo, la sivyo asikimbie.

Tanzania ina historia ya mbio. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974. Suleiman Nyambui, mtu wa Majita, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, alileta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, kisha akashinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988. Septemba 2025 Alphonce Simbu wa Singida alishinda marathoni ya dunia mjini Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03. Majina hayo yametoka mikoa mingine. Kagera ina vilima, ina hewa nzuri, ina watoto wanaotembea umbali mrefu kila siku, na haiwezi kupata wakimbiaji kama tunawachuja watoto hao kwa doa la maji kabla hawajakimbia.

Kwa hiyo nina maombi kwa watu maalumu. Walimu wa michezo wa shule zetu, mnapochagua timu, tumieni saa na uwanja. Mwenye kasi ni mwenye kasi, unyayo wake uweje. Viongozi wa vikundi vya joging, ondoeni kipimo cha beseni kwenye maelekezo ya wanachama wapya, na mahali pake wekeni ratiba ya wiki kumi na mbili inayoanza kwa kutembea. Nanyi wauza raba, mteja akija na kuwaambia kwamba ana unyayo bapa, mpeni pea tatu za namba yake, mwacheni ajaribu kukimbia nazo mbele ya meza, na muuzieni ile atakayosema haimuumi.